Sauti Isiyopumua

"Ndege huyu hapumui," alisema mama, akaisogeza simu mbali na sikio lake.

Balbina aliacha kukanyaga cherehani. "Mbona namsikia analia vizuri tu, Mama?"

"Analia vizuri, sikatai. Nasema hapumui. Dudumizi akishusha sauti yake mpaka chini, lazima avute pumzi. Huyu anamwaga tu, kama maji ya mtungi usio na mwisho."

Mama alikuwa kipofu kwa miaka mingi. Jina lake la ubatizo lilikuwa Natalia, ila waliokuwa wakimwita hivyo walikwisha kuzikwa. Mtaani kwao Ifakara aliitwa Mama Balbina, na bintiye, kama binti yeyote aliyelelewa vyema, hajapata kulitamka jina lile. Kwa ajili ya mama huyo Balbina, fundi wa nguo, alianza kurekodi ndege kwa simu, na kwa ajili yake akajiunga na Sauti za Bonde, kundi la WhatsApp ambamo watu wa Ifakara, Malinyi na Idete hutumiana milio ya ndege wa kwao. Rekodi yake ya kwanza ilikuwa ya tetere aliyelia juu ya paa. Alisahau kuikata mwisho, na baada ya tetere ilisikika cherehani, kisha sauti yake mwenyewe ikimwongoza mama atoke chumbani: "Mama, njoo. Njoo huku niliko." Kundi zima lilimcheka kwa wema, na jambo likapita.

Dudumizi asiyepumua alitumwa na Agnella wa Mofu. Agnella hakuwa na picha wala maneno. Mtu akituma ndege, yeye hujibu kwa ndege yuleyule, safi kuliko wa kwanza. Mara moja tu aliandika, siku Salimu alipotoa wazo kwamba wanakundi wakutane mwishoni mwa wiki. Aliandika: "Njooni kwangu Mofu."

Jumamosi Balbina na mama yake walikwenda kwa gari la Salimu, mwenye duka la vitambaa, mtu wa asili ya pwani. Masalu alitoka Malinyi kwa pikipiki, akawakuta Mofu. Wengine walitoa udhuru. Masalu alipovua kofia ya pikipiki, Salimu alimtazama juu mpaka chini, na macho yake hayakuwa na safari ndefu.

"Wewe ndiye Masalu? Kwa sauti ile nzito, nilitegemea jitu."

"Jitu limebaki nyumbani linachunga ng'ombe," alijibu Masalu. "Limenituma mimi. Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa korongo." Mama akamgeukia Salimu. "Na wewe ni wa dudumizi. Kikohozi chako bado hujakitibu?"

Wakacheka, maana rekodi ya Salimu ya dudumizi iliishia kwa kikohozi chake kikavu, na kila mwanakundi alikijua kikohozi kile kuliko alivyomjua Salimu mwenyewe. Balbina aliona raha ambayo hakuitarajia, ya kukutana na wageni ambao si wageni.

Walifikia kwa Scolastica, mjane mvuvi mwenye vyumba viwili vya kupangisha. Salimu alimwuliza anakokaa Agnella.

"Agnella yupi? Mofu hii nawajua wawili. Mmoja yuko chekechea, mwingine ni bubu tangu kuzaliwa."

"Huyu anarekodi ndege."

"Hapa?" Scolastica aliweka chini ungo wake wa mchele. "Sikilizeni, wageni. Mkienda mtoni mchana, msiitane. Sisi tukimtaka mtu tunagonga kasia kwenye ubavu wa mtumbwi. Hatupazi sauti pale, hata mtoto anajua."

"Kwa nini, dada?" aliuliza Masalu.

"Kwa sababu ndivyo tunavyofanya," alisema, akauchukua tena ungo.

Walimwitikia kwa adabu, wala hawakufikiri kwamba onyo lile liliwahusu, kwa kuwa hawakukusudia kuitana wao kwa wao. Walikusudia kuita ndege. Na wapenda ndege wana njia yao: humpigia ndege sauti yake mwenyewe kwa spika, naye akidhani mwenzake kaingia katika himaya yake, hutoka mafichoni kumkabili.

Jua lilikuwa utosini walipofika mtoni. Mama aliketishwa mkekani, ndani ya kibanda cha wavuvi, fimbo yake magotini. Wenzake walivuka tope la mfereji mdogo, wakasimama upande wa pili, wakiyatazama matete. Salimu akawasha spika. Dudumizi wake alilia, akashuka, akanyamaza, na kikohozi kikafuata.

Matete yakajibu. Dudumizi alilia humo ndani, karibu mno, akashuka mpaka chini bila kuvuta pumzi. Kisha akakohoa.

"Salimu, acha mzaha," alinong'ona Masalu.

Salimu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Kikohozi kikaja tena kutoka mlemle, kikavu, chake kabisa, naye akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa midomo tu, bila sauti.

Ndege wote wa bonde walinyamaza. Hewa ikaleta harufu ya nguo zilizoozea majini, na nyuma ya harufu hiyo, kutoka ndani ya matete ambamo hamkuwa na nyumba wala mtu, Balbina akasikia cherehani ikikanyagwa, akaitambua kwa mkwaruzo wa gurudumu lake kuwa ni cherehani yake, ile aliyoifunika asubuhi na kuifungia nyumbani Ifakara, na kabla hajaelewa anachokisikia, sauti yake mwenyewe ikatoka humo, tulivu, yenye upendo: "Mama, njoo. Njoo huku niliko."

Kibandani mama aliinuka.

"Mama, kaa!" alipiga kelele Balbina.

"Mama, njoo," yalisema matete.

Mama alisita. "Balbina, mbona uko pande mbili?"

"Niko huku, Mama! Usiende!"

"Njoo huku niliko."

Na kwa kuwa maisha yake yote ya giza mama alikuwa akiifuata sauti ile ikisema maneno yaleyale, kwenda mezani, kwenda kanisani, kwenda kitandani, na haijapata kumkosesha njia hata siku moja, alinyoosha fimbo akaifuata, hatua kwa hatua akishuka ukingoni, na Balbina akikimbia, tope likimshika magotini, akianguka akiinuka, akimwita Mama, Mama, na kila alipoita matete nayo yaliita, mpaka hata yeye hakujua tena sauti ipi imetoka kifuani mwake, na maji yalipogusa miguu ya mama aliona kwamba neno lile halimsaidii tena, likiwa tayari ni la wote wawili, akatafuta neno ambalo hajapata kulisema popote.

"Natalia!"

Mama akasimama. Uso wake ukakunjamana kwa hasira.

"Nani huyo asiye na adabu, ananiita kama tumecheza wote utotoni?"

Balbina akamfikia, akamkumbatia majini. "Ni mimi, Mama. Ni mimi."

Matete yalikuwa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza.

Scolastica alifika kwa mtumbwi, akawatoa ukingoni bila kusema kitu. Alizungumza walipoingia nyumbani tu. "Jini yule ana yale anayoyasikia, basi. Usimwongezee neno. Akikosa jipya, huchoka." Akamtazama Balbina. "Umemwachia mangapi?"

Salimu alilifuta kundi, na wakarudi kwao jioni ileile, Masalu peke yake kwa pikipiki yake.

Siku ya pili, magharibi, sauti ya Balbina iliita uani kwao Ifakara: "Natalia!"

"Si wewe," alisema mama pale mezani. "Wewe huniiti hivyo."

Tangu hapo Balbina hakutamka neno ndani ya nyumba ile. Walikubaliana, naye akigonga mkasi mezani mama humfuata. Uani pakatulia. Siku zikapita, na mama akaanza kudhoofika, chakula akikiacha sahanini.

"Nina mkasi badala ya mtoto," alisema jioni moja, akiwa kigodani karibu na mlango wa uani. "Nimechoka, mwanangu. Neno moja tu. Ni wewe uliyesimama hapo?"

Balbina alikuwa nyuma yake. Machozi yakimtoka, akaunyanyua mkasi ili agonge.

"Ni mimi, Mama," ilisema sauti yake kutoka uani. "Ni mimi."

Uso wa mama ukang'aa kama ambavyo haukupata kung'aa tangu Mofu. Alipapasa fimbo, akainuka, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. Balbina akaudaka mkono mwingine kwa nguvu, kimya.

"Niachie," mama alimwambia kwa upole, kama mtu anayemwomba mgeni njia. "Mwanangu ananiita."