Kwenye Kisahani Tu

Walikutana kwenye foleni ya dirisha la dawa hospitalini, mtangazaji wa redio alipomkanyaga mtafiti kiatu chake chekundu.

"Samahani, mrembo."

"Samahani haing'arishi kiatu!"

Mtafiti akacheka, na mapenzi yakaanzia hapo. Simu asubuhi, simu jioni.

Siku moja mtafiti akampeleka mpenzi wake maabara. Maji ya majani aliyoyachuja yalikuwa yameua seli za saratani kwenye kisahani cha kioo.

"Kwenye kisahani tu, mpenzi. Mwilini bado hatujui. Usije ukabwabwaja."

Lo, alikuwa anamwambia nani! Kesho yake redio ikanguruma: majani yanayomaliza saratani yamepatikana!

Shangazi yake mtafiti, aliyemlea tangu akiwa mchanga na sasa anaugua maradhi hayohayo, alisikia. Mtafiti alimkuta jikoni anachemsha sufuria ya majani, kitambaa kikifunika kichwa kisicho na nywele.

"Si mpenzi wako kasema, mwanangu? Nimeachana na zile dripu, zinanitapisha."

Mtafiti akampigia mtangazaji simu.

"Wewe una akili timamu kweli?"

"Malaika wangu, kuna nini—"

"Malaika nyoko! Kisahani kimeenda wapi?"

"Niliacha neno moja tu, mpenzi. Habari ingepoa."

"Hata sabuni inaua seli kwenye kisahani! Mbona huwaambii watu wainywe? Shangazi yangu ameacha matibabu kwa ajili yako. Akifa, nikuite uje utangaze?"

Akakata. Alimbembeleza shangazi mpaka sauti ikamkauka. Shangazi akazidi kukoroga sufuria.

Asubuhi iliyofuata, sauti nzito ya mtangazaji ikarudi redioni. "Nilipotosha. Majani yale hayajamponya mtu yeyote. Uliyeacha matibabu kwa kunisikiliza mimi, nakuomba urudi hospitali leo."

Kipindi kilipokwisha akaja kubisha hodi kwa shangazi. Shangazi alimkagua juu mpaka chini.

"Kumbe mwongo mwenyewe ni wewe?"

"Ni mimi, shangazi. Nimekuja kukupeleka."

Shangazi akazima jiko. "Haya. Lakini endesha polepole."

Wodini, dripu ikidondoka, wapenzi walisimama kando ya kitanda.

"Bado nina hasira na wewe. Sana."

"Najua. Nakupenda. Nataka nikuoe."

"Kwenye kisahani?"

"Mwilini. Mpaka kwenye mifupa."

Mtafiti akampa mkono.

"Ole wako utangaze. Haya bado ni matokeo ya awali."