Fimbo Isiyo na Jina la Fundi

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Novemba, saa kumi na moja na robo jioni. Kimbunga kilikuwa kimepita, kikaacha mawingu mazito yaliyotanda juu ya mashamba ya Porac bila kudondosha hata tone. Mimi na mdogo wangu Crisanto tulikuwa tunakwenda kuchukua gogo la kamagong, mti mweusi mfano wa mpingo. Mti huo ulikufa mwaka mlima ulipolipuka na kuufukia hadi kiunoni kwa matope ya volkano; ukabaki wima miaka yote hiyo, mkavu kama mfupa, hadi kimbunga kilipouangusha. Mwenye shamba alikwisha kuturuhusu.

Kazi yangu ni kutengeneza fimbo za pool. Kazi ya Crisanto ni kuzichezea. Hii ingekuwa fimbo yake mwenyewe ya kwanza, ya kwenda nayo Manila kwenye mashindano ya mwezi Mei.

Mama alitusindikiza hadi mlangoni, mwiko mkononi.

"Delfin, usiuguse ule mti kabla hujabisha hodi. Na utaje jina lako. Anayekaa mle ni mzimu mzee, mvuta tumbaku, hapendi wageni wasiojitambulisha."

"Akitaka kitambulisho je, Mama?"

"Cheka tu, wewe na digrii yako."

"Kaka, mwambie apunguze sigara," Crisanto akadakia. "Umri umeshakwenda, mapafu hayo!"

Mama akamchapa mgongoni kwa mwiko. Sote tulicheka.

Tulipofika, Crisanto alibaki kwenye pikapu akifungua kamba. Mimi nikatangulia na msumeno hadi penye shimo la mizizi iliyong'oka. Hapo ndipo niliposikia harufu. Tumbaku mbichi, nzito, kama ya mtu anayevuta sigara kubwa karibu na shavu lako.

Hapakuwa na mtu.

"Hodi, mwenyeji," nikanong'ona. "Utuwie radhi. Tunachukua kipande tu."



Kisha udongo ndani ya shimo ukasogea… taratibu… kama mtu anayejigeuza kitandani.

"Jina?"

Baadaye nilijiambia kwamba ulikuwa mlio wa mti unaokatika. Baadaye pia nilijiambia kwamba niliwafikiria mke wangu na watoto wangu wawili. Si kweli. Nilijifikiria mwenyewe tu.

"Crisanto," nikasema.

Harufu ikatoweka pale pale.

Fimbo haichongwi kwa pupa. Unaukereza mti kidogo kwenye mashine, unautundika kwa uzi, unauacha wiki kadhaa utoe hasira yake, ndipo unaukereza tena. Kila hatua mimi hupima uzito. Mti unaopunguzwa hupungua. Hilo halina ubishi. Katika mkerezo wa kwanza ulipungua. Katika wa pili ulipungua. Katika wa tatu nilizoa sakafuni maranda meusi ya kujaza bakuli, nikauweka mti kwenye mizani, nikauona umeongezeka.

Nilibadilisha betri za mizani. Nikapima pakiti ya chumvi ya nusu kilo, mizani haikukosea. Nikaurudisha mti.

Ulikuwa umeongezeka.

Jioni ile ile, mezani, Crisanto alikuwa anatoboa tundu jipya kwenye mkanda wake kwa msumari.

"Mama, mbona unaninyima nyama siku hizi?"

"Nikunyime wapi? Sahani ya tatu hiyo! Una minyoo wewe, au una mwanamke?"

"Mwanamke gani atanitaka nilivyo? Upepo ukivuma si atabaki na shati tu!"

Walicheka. Mimi niliinamia wali wangu. Niliyajua yote mawili, la kwenye mizani na la kwenye mkanda.

Niliendelea na kazi. Nikaunga sehemu nyeupe ya mbele, nikafunga uzi mahali pa kushikia, nikapachika jina CRISANTO kwa vipande vya ganda la kome vinavyong'aa. Lilibaki jambo moja. Fundi wa fimbo hutia jina lake kwenye kitako, chini ya kifuniko cha mpira. Sijawahi kutoa fimbo bila jina langu. Nilishika kisu, mkono ukakataa.

"Nitaandika kesho," nikamwambia Crisanto.

"Hata usipoandika, Kaka. Kila mtu anajua ni yako."

Siku nilipomkabidhi, fimbo ilikuwa na gramu mia tano thelathini na tisa. Baada ya hapo hakushindwa tena mchezo hata mmoja. Ukumbi mzima wa pool ulikuja kumtazama mtu mwenye mashavu yaliyobonyea akiinama mezani, akipiga, akitabasamu. "Inanijua," alisema akiipangusa. "Ni kama umeichonga kwenye mfupa wangu." Hospitali walimpima kila kitu, wakamwambia ale vizuri. Mwishoni mwa Aprili nilipima tena fimbo. Mia tano themanini na tatu. Jioni hiyo alijikwaa kizingitini. Nikamdaka kwa mkono mmoja, na mkono haukuhisi mzigo.

Nikaondoka bila kuaga, nikaenda Porac.

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwenye shimo la mizizi. Harufu ilinilaki mbali, kama mwenyeji anayekungojea barazani.

"Mimi ni Delfin," nikasema. "Lile jina halikuwa langu. Mwache. Mimi ndiye niliyekata."

Udongo ukasogea.

"Delfin…" sauti ikajibu taratibu, kama inayolionja. "Mdogo wako alikwisha kuja. Nilimuuliza kama jina ni lake."

Kitu chekundu, kidogo, kikawaka shimoni, kikafifia.

"Akasema ni lake."

Nilimkuta kwenye karakana, amekaa juu ya benchi, fimbo imelala mapajani.

"Siku ile ulinisikia," nikasema.

"Upepo ulikuwa unavuma kuja kwangu, Kaka."

"Ulirudi kule kufanya nini?"

"Kukanusha." Akacheka kidogo, bila pumzi. "Nilienda na hasira zangu zote. Nikafika… nikawakumbuka wale watoto wako. Halafu na fimbo yenyewe ilikuwa imeshatoka nzuri. Ningefanyaje?"

"Ungenitukana, Crisanto. Ungenipiga hata kofi!"

"Kwa mikono hii? Ningekutekenya tu."

Niliichukua fimbo mapajani mwake. Niling'oa kifuniko cha mpira, nikatandaza karatasi chini ya kitako, nikachonga jina langu, herufi moja baada ya nyingine. Mti ulikuwa na joto kama goti la mtoto mwenye homa. Nilipofika herufi ya mwisho, harufu ya tumbaku ilijaa karakanani. Haikutoka upande wa Crisanto. Ilikuwa nyuma ya bega langu.

"Umesikia?" Crisanto akanong'ona.

"Nyamaza."

Niliyapima maranda yaliyoanguka kwenye karatasi. Yalikuwa vumbi tu. Mizani ilisoma sifuri. Nikaipangusa mizani, nikailaza fimbo juu yake, nikasubiri tarakimu zitulie. Suruali ililegea kiunoni mwangu, kidogo sana. Sikuipandisha.

"Inasemaje, Kaka?"

Nilisoma mara mbili kabla ya kumjibu.

"Mia tano themanini na mbili. Gramu moja imekurudia."