Ile ya Saba

Jamani, mashine haina mapafu. Sasa nani alikuwa akihema mle ndani?

Mtaalamu wa mionzi aliikodolea macho skrini. Nyuma ya mlango mzito alilala kaka yake, mwenye uvimbe kwenye ini, na hii ilikuwa siku ya nne kati ya tano za tiba. Ini hupanda na kushuka mtu akipumua, na mionzi haitaki mzaha: ikikosea kidogo, inaunguza pazima. Ndiyo maana alimwamuru kwa kipaza sauti, "Vuta pumzi. Shikilia." Mstari wa pumzi ya kaka ukanyooka. Chini yake mstari mwingine, mwembamba, uliendelea kupanda na kushuka taratibu.

"Ni waya tu huo, umelegea," alisema mwenzake wa zamu, bila hata kugeuka.

Mtaalamu alimshikisha kaka yake pumzi mara sita, akaenda kumfungulia. Chumba kilinuka nywele zilizoungua.

"Mdogo wangu, leo umenikomoa," kaka alisema. "Mara saba! Na ile ya saba hukusema 'pumua'. Nusura nizimie."

"Ya saba?"

"Si ulikuja ukaninong'oneza sikioni?"

Dada mtu aliangaza pembe zote za chumba. "Kaka, humu sikuingia. Kuna jini, limeazima sauti yangu." Akamwinamia. "Kesho usinitii mpaka nianze na Kibogoyo."

Ndivyo alivyomtania utotoni, kaka alipong'oka meno ya mbele. Kaka alicheka, ila mkono wa dada yake hakuuachia.

Kesho yake: "Kibogoyo, vuta pumzi. Shikilia. Pumua." Mara sita. Kisha, yeye akiwa amefumba mdomo, spika ikasema kwa sauti yake, "Vuta pumzi. Shikilia." Kaka akahema kwa nguvu, makusudi, akatoa na ulimi. Mstari mwembamba ukakatika. Dada mtu alilia kwa furaha mbele ya watu, wala hakuona haya.

Juma lililofuata, mchana kweupe, alikuwa jikoni kwa kaka akimenya viazi, kaka kajilaza sebuleni, redio inaimba, moyo umemtulia kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa ujulikane, ndipo harufu ya nywele zilizoungua ikapenya chini ya mlango, redio ikafifia, na sauti yake, yake mwenyewe, ikasema kule sebuleni kwa upole:

"Kibogoyo, vuta pumzi. Shikilia."

Alitupa kisu, akakimbia. "Pumua! Kaka, pumua!"

Kaka alimtazama, macho yamemtoka pima, mashavu yamejaa hewa, akitikisa kichwa kumkatalia. Dada hakuwa ameanza na Kibogoyo.

Akafumbua kinywa aliite lile jina. Sauti haikutoka. Nyuma ya kochi, kitu kiliendelea kuhema taratibu.