Mfuko wa Maua kwenye Aproni

Bibi alikuwa akimenya viazi. Binti yake, fundi cherehani, alikuwa amekalia mto wake wa kila siku, simu mkononi, nguo za wateja zikimsubiri.

"Mama, hebu ona. Makumbusho ya mji yanawatafuta watu hawa."

Ilikuwa picha ya zamani ya waokaji mikate. Chini yake iliandikwa: "Hatuwajui. Tusaidieni." Bibi alitazama, kisu kikamponyoka.

"Huyu wa katikati ni baba yako!"

Mumewe alifariki binti akiwa bado tumboni. Picha zake zote ziliharibiwa na maji paa lilipovuja. Binti hakuwahi kuiona sura ya baba yake.

Lakini mtu mmoja alikuwa ameshaandika: "Wa katikati ni mjomba wetu."

"Mjomba wao kitu gani!" Bibi akawaka. "Uambie ukoo mzima uandike!"

Hapo ndipo walipovurunda. Shangazi, wajukuu, hata mashemeji wa mbali wakaandika: "Ni babu yetu!" Upande wa pili nao haukulaza damu. Hadi jioni ikawa vuta nikuvute.

Kesho yake mtunza picha wa makumbusho akapiga simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmeshatuhesabu? Tumeshinda?"

Mtunza picha akacheka. "Hapa hatupigi kura, bibi yangu. Umejuaje kwamba ni yeye?"

"Nisimjue mume wangu mwenyewe?"

"Sikatai. Ila wanafunzi watajifunza kwa picha hii. Nipe kitu ambacho hata mgeni akikiona ataridhika."

Bibi akavaa miwani, akaikuza picha. Alipofika kwenye aproni, akacheka hadi akakohoa. Mfuko ulikuwa wa maua! Aliushona mwenyewe kwa kipande cha pazia, na mumewe akataniwa kazini weee! Na pazia lililobaki?

"Hebu inuka," akamwambia binti. "Umelikalia!"

Wakaupiga picha ule mto. Bibi akarekodi maelezo yake kwa sauti, wakatuma. Mtunza picha akalinganisha maua. Yalikuwa yale yale. Familia ya pili nayo ikaulizwa swali lile lile. Walipotazama vizuri, wakamwona mjomba wao pembeni, na kovu lake shavuni. Wakaombana radhi.

Sasa picha iko ukutani, ina majina. Wanafunzi wakibonyeza kitufe, wanamsikia Bibi akisimulia, nao wanaangua kicheko.

Siku ya kwanza binti alisimama pale muda mrefu, akajigusa pua.

"Mama, kumbe nimeitoa kwake."

"Si pua tu," Bibi akasema, akijifuta machozi huku akicheka. "Hata kucheka mnacheka sawa."