Visanduku Katika Mausia ya Bi Khairiya

Kila Alhamisi, kengele ya mwisho ikishalia, Suhaila alikwenda kwenye chumba cha kompyuta cha shule yao pale Mabawa. Alifagia, akafuta vumbi, kisha akawasha mashine. Alikuwa darasa la saba, na ndiye aliyekabidhiwa kutunza kifurushi cha faili za fonti ya kuandikia Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Fonti hiyo ilitengenezwa na watu wa pwani waliojitolea, kwa ajili ya kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux. Kosa likirekebishwa ndani ya kifurushi, wote wanaoitumia hupata rekebisho hilo kompyuta zao zinapojisasisha.

Alhamisi moja alikuwa akichapa mausia, yaani nasaha za ndoa, ya jirani yao, Bi Khairiya, aliyezoea herufi hizo tangu utotoni. Kesho yake mjukuu wa bibi huyo alikuwa anaolewa, na kila mgeni alitakiwa apewe nakala. Karatasi ya kwanza ikatoka. Kila penye herufi ya "ch" palikuwa na kisanduku kitupu!

"Tena!" Suhaila alifoka. "Kompyuta hii ina inda na mimi!"

Haikuwa inda ya kompyuta; kosa lilikuwa lake mwenyewe. Faili zima la fonti, lisilo na kosa, alikuwa nalo, lakini kila mara alilibandika tu juu ya lile bovu kwenye kompyuta ile moja, kazi ya kufumba na kufumbua. Kulitia ndani ya kifurushi, kulijaribu na kuwatumia wenzake wa shule nyingine aliona ni usumbufu. Mwalimu Castory, msimamizi wa chumba hicho, alipomuuliza, alijibu, "Nimeshamaliza, mwalimu." Basi kila toleo jipya lilipokuja, faili bovu lilirudi.

Kabla hajagusa kitu, simu ya Mwalimu Castory, aliyekuwa ameketi pembeni, iliita. Alipoipokea, sauti ya Robert, mwanafunzi wa shule ya Mwera waliokuwa wakitumia fonti hiyo hiyo, ikasikika chumba kizima.

"Mwalimu, Suhaila si alisema kamaliza? Tumechapa vitabu vya watoto wa madrasa, vyote visanduku vitupu! Karatasi zetu zimeisha!"

Hapo hapo Bi Khairiya akaingia.

"Shikamoo, bibi," Suhaila alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Yako tayari?" Aliichukua karatasi, akaisogeza karibu na miwani. "Mbona maneno yangu yana mashimo? Nikiwapa wageni haya, si nitaumbuka?"

Suhaila alitamani kuusingizia umeme, lakini akajizuia. Machozi ya hasira yakamtoka, na sasa hasira ilikuwa juu yake mwenyewe. "Mwalimu, nilikudanganya. Kifurushi sijakirekebisha hata mara moja."

"Vuta kiti," Mwalimu Castory akasema. "Utakirekebisha sasa."

Kazi ilimtoa jasho. Aliweka faili zima ndani, akakifunga kifurushi upya, lakini visanduku viko pale pale! Kumbe alisahau kubadilisha namba ya toleo, na kompyuta ikadhani hakuna kipya.

"Nimechoka!" alisema, akipiga meza.

"Choka ukimaliza," mwalimu alimjibu.

Akabadilisha namba, akakifunga tena, akakijaribu kwenye kompyuta nyingine ambayo hakuwahi kuibandikia faili. Herufi zikatokea zote. Ndipo akawatumia wenzake na kuchapa. Bi Khairiya akaisoma nakala yake kwa sauti, toka juu hadi chini, bila kukwama.

"Mwanangu," alisema akizikunja karatasi, "kumbe ulikuwa ukipiga deki na bomba linavuja."

Mwalimu Castory hakucheka. "Kazi ya wengi ni amana, Suhaila. Ukisema umemaliza na hujamaliza, kuna mtu usiyemwona anayelipia uvivu wako. Bora useme bado."

Suhaila aliomba simu, akampigia Robert.

"Robert, kosa lilikuwa langu, unisamehe. Nimetuma toleo jipya. Lijaribu kwanza huko kwenu. Ukiniambia herufi zote zipo, ndipo nitasema nimemaliza."