Picha ya Violeth Mtandaoni

Kila asubuhi Violeth alifagia uwanja wa nyumba yao, eneo la Miyuji jijini Dodoma, akanywa uji, kisha akawahi shule. Siku hiyo alipoingia darasani, wenzake waliangua kicheko.

"Mapunye hayo!" Obedi alipaza sauti. "Umeingia kwenye simu za watu, Violeth!"

Mwaka uliopita, wafanyakazi wa kampuni ya dawa za ngozi walipita mtaani kwao kutibu watoto. Walimpiga picha Violeth akiwa na mapunye kichwa kizima, wakasema ni ya kumbukumbu tu. Sasa ilikuwa tangazo mtandaoni, na Dodoma nzima iliitazama.

Violeth hakulia. Alitaka kampuni ile iumie kama alivyoumia yeye. Alipofika nyumbani alichukua simu ya mama yake, Sidonia, akaandika chini ya tangazo: "Dawa hii imempofusha mdogo wangu. Msinunue!" Hakuwa na mdogo aliyepofuka. Kabla hajatuma, mama akaingia.

"Unaandika nini, mwanangu?"

"Nawakomesha, mama! Acha nao waaibike!"

Mama alisoma, kisha akaiona picha. Hasira ikampanda, akamrudishia simu. "Haki yako tutaidai. Lakini uongo huu ufute."

Kesho yake walikwenda ofisi ya kampuni, mtaa wa Area D. Meneja, Bwana Tumsifu, aliitikia shikamoo ya Violeth, akasikiliza malalamiko yao, akawaambia kwamba picha ile imewasaidia wengi kuijua dawa.

"Ungeweka ya mwanao?" Violeth aliuliza.

Meneja akamwita mfanyakazi. "Iondoe sasa hivi."

"Haitoshi," Violeth alisema. "Darasa langu ndilo linalonicheka. Njoo uwaambie wao."

Mama hakumkataza.

Jumatatu, mama akiwa amekaa nyuma, Bwana Tumsifu alisimama mbele ya darasa, jasho likimtoka. "Tulitumia picha ya mwenzenu bila kumwuliza yeye wala mzazi wake. Kosa ni letu. Tumeiondoa na kuomba radhi mtandaoni. Hatutaweka tena picha ya mtoto bila idhini ya mzazi."

Obedi aliinama. Violeth alimkazia meneja macho mpaka akamaliza. Aliona raha, wala hakuificha.

"Umeridhika?" mama alimwuliza walipotoka nje.

"Sana, mama."

"Una haki. Kampuni inayotumia mtandao lazima ilinde heshima ya watu, na ikikosea iwajibike. Lakini wajibu huo ni wetu pia. Ungetuma ule uongo, leo wewe ndiye ungesimama pale mbele."