Mgeni wa Mkono wa Kulia

Glavu ilikuwa juu ya kigoda, inachajiwa kwa betri ya sola. Mkono wa Gervas ulikuwa pajani kwake, mtupu kama ganda la ndizi. Ndipo vidole vikafunguka. Kimoja kimoja. Vikajifunga tena. Saa nne asubuhi, jua kali, kijiji kizima cha Murusagamba kiko shambani.

"Baba Ishimwe!" Mkewe Ernesta akapiga kigelegele, mwiko mkononi. "Umepona!"

Gervas hakuwa amepona. Hakuwa amefanya chochote.

Tuelewane. Kiharusi kilimpiga miezi minne kabla, kikamchukulia mkono na mguu wa kulia, na kana kwamba hakijashiba, kikabeba na ulimi. Mtu aliyekuwa akitunga uongo kilabuni mpaka pombe ya ndizi inaisha, sasa anasema "mmm" tu. Hospitali ikamtuma Odeta, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na pikipiki yake na glavu yenye mota: unamvalisha mgonjwa, inalia ziii, inamkunja na kumkunjua vidole hadi ubongo ukumbuke kazi.

"Na muusemeshe mkono, mama," Odeta aliagiza. "Usalimieni kila siku. Msiuache kama kitu kilichokufa."

Ernesta ana adabu zake. Kila asubuhi aliushika kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiegemea kiwiko, kama anavyosalimiwa mtu mzito, akatania: "Shikamoo mgeni. Karibu, jisikie uko kwako."

Mkono ule ulikuwa nyumba tupu, mlango wazi, na mama anakaribisha bila kuuliza nani yuko nje. Aliyekuwa nje akaingia.

Tangu siku ile kukawa na harufu ya udongo wa shimo jipya kila mkono ulipocheza. Wakati wa kula, kucha zilikwaruza chini ya meza, kwaru, kwaru, kama panya anayetafuta pa kutokea. Gervas akajaribu kuufunga kwa kamba ya mgomba akitumia mkono wa kushoto. Ule wa kulia ukajifungua wenyewe, taratibu, kisha ukampapasa shavu kama anavyobembelezwa mtoto mkaidi.

Alhamisi Odeta akaja na tableti yake ya kurekodi maendeleo. Mkono ukainua kikombe. Ukafunga vifungo vya shati hadi cha shingoni, ukaendelea kukaza.

"Asilimia tisini!" Odeta akaruka. "Babu, wewe ni mashine! Ona, analia kwa furaha!"

Akapiga picha, akaondoka.

"Miaka thelathini nalala na mtu huyu," Ernesta akanong'ona, akifungua kifungo. "Hiyo siyo furaha."

Akamwita Kazimili, mganga Msukuma aliyehamia ng'ambo ya bonde na ng'ombe zake. Kazimili akaunusa mkono, akarudi nyuma hatua mbili.

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi. Nilikuwa natania."

"Wao hawana utani, mama." Sauti yake ilikuwa chini mno. "Sasa mwenye mwili ndiye amkatae. Mdomo hana, lakini kichwa anacho. Akikataa mara tatu mbele yako, atatoka. Mzee Gervas, unamtaka huyu?"

Gervas akatikisa kichwa. Harufu ya udongo ikajaa chumba.

"Unamtaka?"

Akatikisa tena, jasho likimtiririka, na mishipa ya ule mkono ikavimba kama kamba za kufungia ng'ombe.

"Mara ya mwisho, mzee. Unamtaka?"

Lakini kabla shingo haijageuka mkono ukapanda, bila haraka, ukapita tumbo, ukapita kifua, ukamshika kidevu, gumba upande huu na vidole vinne upande ule, ukakaza hadi mashavu yakajaa kiganjani, na huku Gervas akipinga kwa shingo nzima na kunguruma mmm, mmm, ukauvuta uso wake chini, ukaupandisha, ukauvuta chini tena, ukaupandisha, kama mtu anayemfundisha mtoto kuitikia.

"Siyo yeye!" Ernesta akanong'ona. "Kazimili, umeona siyo yeye!"

"Nimeona, mama." Mganga alikuwa tayari anasomba vibuyu vyake. "Lakini kichwa kimekubali."

Chini ya kiti kukasikika kitu kikiburutwa. Ulikuwa mguu wa kulia, ambao Odeta alikuwa hajaufanyia mazoezi hata siku moja. Ukajivuta, ukatafuta sakafu kwa kisigino, ukaipata, ukasimama, na Gervas akainuliwa pamoja nao, mkono wa kushoto umeng'ang'ania kiti.

Vidole vya kulia vikaufuata ule wa kushoto pale ulipo, vikaanza kuubandua vidole. Kimoja kimoja.